Polisi Wakivunja Mlango, Nani Atalipa?

Wengi katika sisi tulioanza maisha ya nchi hii katika chumba cha kupanga tumejaaliwa, sisi wenyewe au watoto wetu, kumiliki nyumba moja au mbili na kuzipangisha. Kwa wengine hiyo nyumba ndiyo akiba yote ya uzeeni. Ndiyo maana swali tuliloletewa mara kadhaa na wenye nyumba wa jumuiya yetu linastahili kujibiwa kwa urefu.

Swali lenyewe ni hili. Polisi wamekuja alfajiri wakimtafuta mpangaji, au mtu aliyewahi kuwa mpangaji. Wameuvunja mlango wa mbele kwa gogo la chuma, wamepekua, wameondoka. Mwenye nyumba hakuwapo, hakushukiwa kwa lolote, na anapigiwa simu akiwa kazini kuambiwa kwamba miimo imepasuka, kitasa kimeng'oka na nyumba imezibwa kwa ubao. Mlango wa kisasa wenye makomeo mengi hugharimu mamia ya pauni, na wakati mwingine hupita elfu moja. Nani atazilipa?

Aghalabu mtu hudhani kuwa, maadamu yeye hana kosa, serikali itamlipa. Lakini sheria ya Uingereza na Wales (Scotland ina sheria zake) haianzi kwa kuuliza nani hana kosa. Huuliza mambo mawili: je, polisi walikuwa na haki ya kuingia? Na je, nguvu waliyotumia ilikuwa ya kiasi? Majibu yakiwa ndiyo na ndiyo, mwenye nyumba hubaki na mlango wake uliovunjika, hata awe mwema kiasi gani.

Haki ya kuingia hutokana na hati ya upekuzi iliyotolewa na hakimu, au na Sheria ya Polisi na Ushahidi wa Jinai ya mwaka 1984. Kifungu cha 17 cha sheria hiyo huwaruhusu polisi kuingia bila ya hati ili kumkamata mtu kwa makosa makubwa, au kuokoa maisha na viungo vya mtu, au kuzuia uharibifu mkubwa wa mali. Kifungu cha 117 huwaruhusu kutumia nguvu ya kiasi pale inapolazimu. Sheria hiyo ina miongozo yake, na Mwongozo B, unaohusu upekuzi wa majumba, ndio unaomfaa mwenye nyumba kuujua. Unasema kwamba, kama uingiaji ulikuwa wa halali na nguvu ilikuwa ya lazima na ya kadiri, fidia ya uharibifu wa kuingilia haielekei kustahiki. Lakini unasema pia kwamba, iwapo imepekuliwa nyumba siyo kwa makosa, msimamo wa kawaida uwe ni kuelekea kulipa. Sentensi hizo mbili ndizo zinazoamua barua nyingi za madai, nasi tunashangaa ni wenye nyumba wachache mno wanaozijua.

Kuna jambo la ajabu hapa. Wahuni wakifanya ghasia mtaani wakachoma duka, sheria humpa mwenye duka asiye na bima ya kutosha haki ya kudai fidia kutoka kwa mamlaka ya polisi. Ilikuwa hivyo tangu sheria ya mwaka 1886, ambayo ndiyo iliyotumika baada ya ghasia za Agosti 2011, na ni hivyo chini ya sheria mpya ya mwaka 2016, ambayo kikomo chake ni pauni milioni moja kwa kila dai. Basi uharibifu wa wahalifu, ambao polisi hawakuuzuia, hulipwa kutoka mfuko wa polisi, na uharibifu ambao polisi wameufanya kwa mikono yao kihalali haulipwi. Kama jamii nzima inafaidika na kukamatwa kwa mhalifu, kwa nini gharama ya mlango imwangukie mtu mmoja? Hatujaona jibu la kuridhisha. Wala si Uingereza peke yake. Huko Greenwood Village, Colorado, mwaka 2015, mwizi wa dukani alijificha katika nyumba ya watu asiowajua. Polisi waliizingira kwa saa 19 na kuiharibu hata ikabidi ibomolewe. Mji ulitoa dola 5,000. Mahakama ya rufaa iliwakatalia wenyewe fidia mwaka 2019, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani haikukubali kulisikiliza shauri lao.

Lakini mlango wa madai haukufungwa kabisa. Upo uingiaji ambao haukuwa na haki tangu mwanzo. Mwaka 2010 majaji wa Mahakama Kuu mjini London waliamua kwamba polisi kuwa na wasiwasi tu juu ya hali ya mtu aliyemo ndani hakutoshi kuwaruhusu kuingia kwa nguvu chini ya kifungu cha 17, kwani sheria imetaja kuokoa maisha na viungo, nayo ni hatari kubwa zaidi ya wasiwasi. Upo pia uzembe katika utekelezaji. Katika shauri la Northampton lililochapishwa katika vitabu vya sheria mwaka 1985, polisi walirusha kopo la gesi ndani ya duka la bunduki ili kumtoa mtu wa hatari aliyejifungia humo, na duka likaungua. Mahakama haikulaumu uamuzi wa kutumia gesi. Ililaumu kwamba waliirusha ilhali hapakuwa na vifaa vya kuzimia moto, na kwa uzembe huo mwenye duka akashinda.

Shauri linalotugusa zaidi sisi wenye kupangisha ni la Liverpool. Mnamo Oktoba 1999 polisi wenye hati halali walivunja mlango wa familia iliyokuwa imehamia nyumba hiyo miezi michache nyuma. Waliyemtafuta alikuwa mshukiwa wa ujambazi ambaye mamake aliwahi kuishi humo. Mahakama za Uingereza ziliikatalia familia, kwa kuwa polisi hawakuwa na nia mbaya. Mwaka 2006 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, mjini Strasbourg, ikaona vingine: kukosa nia mbaya si hoja ya kutosha, kwani polisi walipaswa kuhakikisha vya kutosha uhusiano wa nyumba ile na jinai waliyokuwa wakiipeleleza kabla ya kuuvunja mlango.

Kwa hiyo mpangaji akihama, mwenye nyumba asichukue ufunguo tu. Ahakikishe jina la yule aliyehama limeondoka katika daftari la kodi ya baraza la mji na katika bili za umeme na gesi, na barua zinazoendelea kumjia azirudishe kwa waliozituma. Jina lililosahauliwa katika daftari laweza kuwaleta polisi kwenye mlango wa familia isiyohusika, na kumbukumbu nzuri ndiyo itakayoonyesha baadaye kwamba nyumba iliyopekuliwa haikuwa ndiyo.

Sasa tuje kwa mpangaji, maana hapa ndipo tumeona dhuluma ikitendeka baina yetu sisi kwa sisi. Wako wenye nyumba wanaokata gharama ya mlango katika dhamana ya mpangaji siku ile ile, bila ya kuuliza. Fedha ile ni amana. Tangu Aprili 2007 sheria hutaka iwekwe katika mpango uliothibitishwa, na yakitokea mabishano mpango una wasuluhishi wasiotoza ada. Mpangaji aliyehukumiwa kwa kuuza dawa za kulevya humo nyumbani anaweza kudaiwa kwa kuvunja mkataba. Lakini aliyeachiwa bila ya mashtaka amekosa nini? Na yule bibi aliyeanguka bafuni, polisi wakavunja mlango ili kumwokoa, alipe nini? Isitoshe, kifungu cha 11 cha Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 1985 humtwika mwenye nyumba matengenezo ya jengo na sehemu zake za nje. Hawezi kuiacha familia nyuma ya ubao majuma kadhaa kwa kuwa anangoja jibu la polisi. Atengeneze kwanza, adai baadaye.

Bima nayo isomwe kabla ya msiba. Ziko zinazofidia uvunjaji wa mlango uliofanywa na huduma za dharura, na ziko zinazotoa waziwazi uharibifu wowote wa mamlaka.

Anayetaka kudai na aanze na karatasi. Polisi wakipekua hupaswa kuacha taarifa ya mamlaka yao na haki za mkaaji, nayo huonyesha anwani ya kupelekea maombi ya fidia. Kama walikuwa na hati, nakala yake hupaswa kuachwa pia, hata kama hapakuwa na mtu. Mwombeni mpangaji azihifadhi, kwani mara nyingi huzitupa kwa hasira au kwa aibu. Angalieni anwani iliyoandikwa, namba ya nyumba na ya ghorofa. Pigeni picha kabla ya fundi kugusa chochote, na pateni makisio mawili ya gharama. Kisha mwandikieni mkuu wa polisi wa eneo, ambaye ndiye anayewajibika kisheria kwa matendo ya askari wake, mkiuliza waliingia kwa mamlaka gani na kwa nini nguvu ile ilihitajika. Wakati mwingine hulipa kwa hisani bila ya kukiri kosa. Wakikataa, madai ya uharibifu wa mali yana muda wa miaka sita, na yale ya haki za binadamu mwaka mmoja tu. Dai lisilozidi pauni 10,000 kwa kawaida husikilizwa kwa utaratibu wa madai madogo, ambao mtu anaweza kuumudu bila ya wakili. Na ule mlango uliovunjika, pamoja na kitasa chake, wekeni uani mpaka barua ya mwisho ijibiwe.