Wasomi Waliingia Mitini, Dogo Akabaki na Ufunguo!

Huku kwetu Mkuyuni jua linawaka kama kawaida na mawe yetu yako palepale. Leo naomba mapenzi na mavazi tuyaweke kando kidogo, tuwaongelee hawa kaka na dada zetu wa vyuo wanaokuja mitaani kujitolea.

Unajua Mwanza yetu imejaa wasomi. Kuna SAUT kule Malimbe, chuo kikuu tangu mwaka 1998, kuna CUHAS pale Bugando, kuna CBE, bado Chuo cha Ualimu Butimba. Basi wanafunzi wa chuo kimoja cha jiji hili, jina naliweka kapuni, walikuja mtaani kwetu Aprili 2023, boom likiwa bado bichi mfukoni.

Weee! Siku ya kwanza walishuka kumi na wanne, fulana za rangi moja, picha kila kona. Wakaanza kufundisha hisabati na fizikia bure, kila Jumamosi, kwenye darasa tuliloazimwa. Mdogo wangu wa kiume alikuwa kidato cha nne. Kwa kuwa kwetu ni jirani, wakamkabidhi ufunguo. Dogo akauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, usingizini nao, kuoga nao.

Mei wakawa tisa. Juni wakabaki wanne. Julai wote wakaingia mitini. Hakuna barua, hakuna simu.

Dogo hakukata tamaa. Kila Jumamosi saa nane anafungua darasa, wenzake wanakaa, wanatazama mlango mpaka saa kumi, wanatawanyika. Agosti nzima hivyo hivyo. Mama akamwambia, "Baba, hao hawarudi, njoo unisaidie kuanika dagaa." Naye anajibu, "Mama, walisema watakuja."

Novemba akafanya mtihani. Hisabati akaambulia F.

Sisemi wao ndio waliomfelisha, somo lile linaangusha wengi kila mwaka. Lakini F ile iliniuma kuliko zangu mwenyewe, na mimi ninazo za kutosha! Nikafunga safari kumtafuta kiongozi wao, maneno ya shombo nimeshayapanga mdomoni.

Nikamkuta hosteli, kakonda. "Dada yangu, naomba unisikilize kwanza," akaniambia. Kumbe boom lilipokata, yeye ndiye aliyekuwa akiwalipia wenzake nauli, mwisho wa mwezi anashindia uji. Julai kukawa na mitihani ya chuo, kisha kila mmoja akaenda field, huyu Songea, yule Kigoma. Chuoni hakuna mhadhiri hata mmoja aliyejua kuwa kundi lao lipo. "Nilidhani mwenzangu amewaaga, naye akadhani nimewaaga mimi," akasema huku anaangalia chini.

Maneno ya shombo yakaniishia hapohapo.

Hebu angalia kalenda, msomaji wangu. Darasa la saba wanafanya mtihani Septemba, kidato cha nne Novemba. Mtoto anamhitaji mwalimu zaidi kuanzia Julai mpaka Oktoba, na ndiyo miezi ambayo mwanachuo yuko field au likizo kwao. Moyo uwe mkubwa namna gani, kalenda itaushinda kama hakuna mtu wa kupanga.

Wazee watasema enzi zao vijana walitumikia kwa amri. Ni kweli. Oktoba 22, 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kwenda JKT, Mwalimu Nyerere akawatimua karibu mia nne. Hiyo ilikuwa amri, na kujitolea ni hiari. Lakini hata hiari ina msimamizi wake. Pale Ukerewe, ng'ambo tu ya maji, palikuwa kati ya wilaya sita zilizotakiwa kufuta kabisa ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ifikapo mwisho wa 1971. Watu wazima walifundishwa na walimu wengi wa kujitolea, lakini walimu hao walipewa mafunzo, vitabu na posho kidogo, na kulikuwa na mtu wa kuwakagua. Uingereza nako, vyuo vikuu vingi vina ofisi na mtu anayelipwa mshahara kwa kazi ya kuratibu wanafunzi wanaojitolea tu.

Sisi hatukuwa na ofisi. Mwaka 2024 tulianza upya na kaka yule, mwenyekiti wa mtaa na daftari moja. Badala ya kumi na wanne, wakaja sita, wawili wawili kwa zamu, kila jina na namba ya simu daftarini. Mhadhiri mmoja akakubali kuwa mlezi wao, wakachangishana nauli chuoni kabla ya kuanza. Tarehe ya mwisho tuliwaambia watoto siku ya kwanza. Na walipokwenda field, waliacha mazoezi na majibu yake, sisi wa mtaani tuliomaliza shule tukashika zamu. Ndiyo, hata mimi na F zangu nilisimama mbele na chaki! Jumamosi hazikupita kavu tena.

Kwa hiyo ninyi wanachuo, kabla ya kushona fulana, jiulizeni: nauli italipwa na nani, UE zikianza atashika nani, na siku ya kuondoka atawaaga nani? Na ninyi wakubwa wa vyuo, msisubiri Desemba 5, ile siku ya watu wa kujitolea ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 1985, ndipo mje kupiga picha. Wapeni vijana mlezi, barua na nauli. Hivyo vitatu havivunji benki.

Dogo je? Alijiandikisha kurudia hisabati kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ufunguo bado ni wake, ila sasa tumechonga wa pili, uko kwa mwenyekiti. Ameapa kuwa hataki tena kuwa mtu wa pekee anayesubiri.