Kupima Utimamu wa Mwili Shuleni: Namba ni ya Nani?

Utimamu wa mwili ni uwezo wa moyo, mapafu, misuli na viungo kufanya kazi za kila siku bila kuchoka mapema, huku mwili ukibaki na akiba ya nguvu kwa ajili ya dharura. Wataalamu wa elimu ya viungo huugawa katika sehemu tano: pumzi, yaani uwezo wa moyo na mapafu kuipatia misuli oksijeni kwa muda mrefu, nguvu za misuli, ustahimilivu wa misuli, ambao ni uwezo wa kurudia tendo lilelile mara nyingi, unyumbufu wa viungo, na uwiano wa mafuta na misuli mwilini. Kila sehemu ina vipimo vyake, na kuvifanya si kazi ngumu. Jambo gumu ni kuamua namba inayopatikana itumikeje, na imfae nani.

Historia ya Marekani inaonyesha jinsi jibu la swali hilo linavyoweza kubadilika. Katika miaka ya 1950, daktari Hans Kraus na wenzake walitoa matokeo yaliyoonyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa Marekani walishindwa angalau zoezi moja kati ya mazoezi sita mepesi ya misuli, ilhali miongoni mwa watoto wa Ulaya waliopimwa hata mmoja kati ya kumi hakushindwa. Habari hizo zilimshtua Rais Dwight Eisenhower, naye mwaka 1956 akaunda baraza la kushughulikia siha ya vijana. Na mwaka 1966, wakati wa Rais Lyndon Johnson, ikaanzishwa tuzo ya kitaifa iliyomtaka mwanafunzi afikie kiwango cha kuwapita vijana 85 kati ya 100 wa umri wake. Kwa kuwa kiwango hicho kilitokana na kulinganisha vijana wao kwa wao, wengi wao wasingeweza kukifikia hata kama wangekuwa na afya njema, na aliyehitaji mazoezi kuliko wote ndiye aliyetoka uwanjani akiwa amevunjika moyo kuliko wote.

Njia nyingine ilitoka Dallas, katika taasisi iliyoanzishwa na daktari Kenneth Cooper, ambako mwaka 1982 ulianza mfumo wa vipimo uitwao FITNESSGRAM. Mfumo huo ulikuja kutumia viwango vinavyotokana na afya, si nafasi ya mtu darasani: mwanafunzi hupimwa kama amefikia ukanda wa siha, yaani kiwango kinachohusishwa na uwezekano mdogo wa kupata maradhi yanayotokana na mwili kutofanya kazi, na wote darasani wanaweza kuufikia bila mmoja kumnyang'anya mwingine nafasi. Mwaka 2012 serikali ya Marekani ilitangaza kuachana na tuzo ya zamani na kufuata mwelekeo huo, ingawa amri ya rais ya Julai 2025 iliagiza jaribio la zamani lirejeshwe. Mvutano kati ya kushindanisha na kuelimisha bado haujaisha.

Kipimo kinachofaa kutazamwa kwa karibu ni mbio za mita 20 za kwenda na kurudi, zilizobuniwa na Luc Léger wa Montreal, Canada, mapema katika miaka ya 1980. Mistari miwili huchorwa kwa umbali wa mita 20, na wanafunzi hukimbia kutoka mmoja hadi mwingine wakifuata mlio uliorekodiwa. Mwendo wa kuanzia ni kilomita 8.5 kwa saa, yaani sekunde 8 na nusu hivi kwa kila mzunguko wa mita 20, na kila dakika unaongezeka kwa nusu kilomita kwa saa, hata aliyeanza kwa kujikokota ajikute anatimka. Katika utaratibu unaotumika shuleni, anayechelewa mlio mara mbili hupumzika, na idadi ya mizunguko aliyoimaliza hutumika kukadiria kiasi cha oksijeni ambacho mwili wake unaweza kukitumia.

Namba hiyo haiwezi kusomwa bila kuuzingatia mwili unaokua. Kwa wastani, wasichana hurefuka kwa kasi zaidi wakiwa na umri wa miaka 12 hivi, na wavulana wakiwa na miaka 14, kwa hiyo wanafunzi wawili wenye miaka 13 wanaweza kuwa mmoja amekwisha kubalehe na mwingine bado. Mvulana anaweza kuongeza pushapu tano kwa mwaka kwa sababu ya kukua tu, na msichana anaweza kuongezeka mafuta mwilini kwa sababu hiyohiyo pasipo kosa lolote. Mwalimu makini hueleza hayo kabla ya kupima, hupima uzito faraghani au huuacha kabisa, na huuliza mapema kuhusu pumu na selimundu, kwa maana mwanafunzi mwenye selimundu hapaswi kulazimishwa kukimbia hadi aishiwe nguvu.

Baada ya kupima ndipo kazi ya kufundisha huanza. Utafiti wa Edwin Locke na Gary Latham kuhusu malengo, walioukusanya katika kitabu chao cha mwaka 1990, ulionyesha kwamba lengo mahsusi na gumu kiasi huleta matokeo bora kuliko agizo la kujitahidi tu. Walimu hutofautisha malengo ya aina tatu: la matokeo, kama kumshinda mwenzake, la kiwango, kama kuongeza mizunguko, na la mwenendo, kama kukimbia mara tatu kwa wiki. La kwanza linategemea mwenzake, la pili kwa kiasi fulani linategemea mwili unaokua, lakini la tatu limo mikononi mwa mwanafunzi mwenyewe, na hivyo linapaswa kuandamana na kila lengo la kiwango.

Kwa mfano, mwanafunzi wa miaka 14 aliyemaliza mizunguko 23 anaweza kulenga 28 baada ya wiki nane, kisha akaandika mpango wenye mambo manne: mara ngapi, kwa nguvu kiasi gani, kwa muda gani, na zoezi la aina gani. Atakimbia Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, kwa dakika 15 mwanzoni na 25 mwishoni, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi ya wastani au makali kwa siku, na anayetembea kwa haraka kwenda shule ana haki ya kuzihesabu dakika hizo. Akipimwa tena katika uwanja uleule na saa ileile, tofauti ya mzunguko mmoja isichukuliwe kuwa maendeleo wala anguko, kwa kuwa jua na usingizi wa jana yake vinatosha kuileta.

Kwa shule za Afrika Mashariki, gharama si kikwazo kikubwa, maana futikamba, chokaa, spika ya simu na daftari vinatosha. Kinachohitaji kubadilika ni mazoea ya kuona michezo ya shule kama mchujo wa kupata timu ya mashindano, kama yale ya shule za sekondari za Tanzania yaitwayo UMISSETA, ambapo wachache huchaguliwa na wengi hubaki watazamaji. Timu ina nafasi yake, lakini kipindi cha elimu ya viungo ni cha darasa zima. Hivyo maksi zitolewe kwa ubora wa mpango, kumbukumbu za utekelezaji na uwezo wa mwanafunzi kueleza kwa nini lengo lilifikiwa au kurekebishwa, badala ya idadi ya mizunguko. Anayemaliza shule akiweza kujipima, kujipangia na kurekebisha mpango wake mwenyewe atakuwa amejifunza somo hili hata kama hakuwahi kuitwa timuni.