AC ya Manzese: Kabla ya kubishania jina, piga hesabu ya LUKU

Manzese. Kuanzia Desemba hadi Machi, kuna saa ya usiku ambayo wazazi wengi wa Manzese wanaijua bila kutazama simu. Ni ile saa mtoto mdogo anapogeuka mara ya tatu, shuka limelowa, vipele vya joto vinamuwasha shingoni, na bati la juu bado linashusha joto lililolibeba mchana kutwa. Dirisha likifunguliwa wanaingia mbu na kelele za Barabara ya Morogoro. Likifungwa, chumba kinakuwa tanuri. Feni inazunguka, lakini inachozungusha ni joto lile lile.

Usiku kama huo ndio unaozaa wazo la kununua AC, na kesho yake mjadala wa nyumbani huwa mmoja: ichukuliwe ya jina gani? Baba anataka LG kwa sababu ndiyo iliyoko ofisini. Mama ameambiwa na shoga yake kwamba Hisense ni nafuu na haisumbui. Shemeji anayejua kila kitu anasema kisicho cha Mjapani ni kutupa hela. Wakifika Kariakoo wanakutana na Gree, Midea, Samsung, Daikin na majina mengine ambayo hata muuzaji anayatamka kwa kubahatisha.

Jina lina nafasi yake. Ila kwa chumba cha Manzese linakuja kama la nne hivi, baada ya bili ya umeme, ukubwa wa mashine na fundi atakayeifunga. Familia inayoanza na jina ndiyo inayojikuta mwezi wa pili AC iko ukutani, imezimwa, imefunikwa kitambaa cha kudarizi, na feni imerudi kazini.

Elfu saba inapogeuka elfu sitini

Nyumba isiyotumia zaidi ya uniti 75 kwa mwezi huwekwa na TANESCO kwenye tarifa ya matumizi madogo, ambako uniti moja pamoja na kodi imekuwa kama Sh122. Ikizidisha mara kwa mara inahamia tarifa ya kawaida, ambako uniti imekuwa kama Sh356. Ndiyo maana huko elfu kumi inatoa uniti 28 tu.

Chukua familia ya wazazi wawili na watoto watatu yenye mita yake, inayotumia uniti 60 kwa mwezi kwa taa, televisheni, feni na friji ndogo. Inalipa kama Sh7,300. Sasa inaongeza AC ya BTU 9,000 ya aina ya kawaida, ambayo kompresa ikifanya kazi hula wati 800 hadi 1,000. Kompresa hupumzika chumba kikipoa, kwa hiyo usiku wa saa nane unaweza kula uniti nne. Kwa mwezi ni uniti 120. Jumla sasa ni 180, na zote zinalipiwa bei ya juu: kama Sh64,000.

Hapo ndipo wengi wanapodhani mita ni mbovu au wameibiwa umeme. Mita haina kosa. AC haikuongeza uniti zake tu, imezipandisha bei hata zile 60 za zamani za taa na friji. Hakuna muuzaji wa Kariakoo atakayekueleza hivyo, na si kazi yake.

AC za invata husaidia. Badala ya kompresa kuwaka kwa nguvu zote na kuzima, hupunguza mwendo chumba kinapopoa na kuendelea taratibu. Usiku ule ule unaweza kwenda kwa uniti mbili na nusu au tatu. Bei ya kununua iko juu, lakini kwa anayeiwasha kila usiku tofauti hurudi. Kwa anayeiwasha Jumapili wageni wakija, hairudi.

Kwa kulinganisha, feni ya wati 60 inayozunguka usiku kucha hula karibu nusu uniti.

LUKU moja, vyumba sita

Hesabu hiyo ni ya mwenye mita yake. Manzese imejaa nyumba za Kiswahili, korido katikati na vyumba pande mbili, kila chumba na mpangaji wake, na LUKU moja ukutani. Nyumba ya namna hiyo tayari iko tarifa ya juu, na wapangaji huchangishana kwa kichwa au kwa kuhesabu vifaa: mwenye friji anaongeza kidogo, mwenye pasi anasemwa. Mmoja akifunga AC, uniti 120 ni zaidi ya Sh42,000 kwa mwezi, na mama wa chumba cha pili anayelalia feni hataelewa kwa nini umeme unaisha tarehe 12.

Ugomvi wa LUKU umevunja ujirani wa miaka. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, mpangaji ana mazungumzo mawili ya kufanya. La kwanza ni na mwenye nyumba: kutoboa ukuta kunahitaji ruhusa yake, na yeye ndiye anayejua kama nyaya za nyumba zinaweza kubeba mzigo huo. AC inataka waya wake kutoka kwenye bodi, swichi yake na ethi. Kuichomeka kwenye eksitensheni inayobeba pia friji na televisheni ni kuomba moto. La pili ni na wapangaji wenzake. Fundi umeme anaweza kufunga mita ndogo ya kuhesabia uniti za chumba kimoja, mwenye AC akalipa zake zinazoonekana. Mwenye nyumba akikubali, inawezekana pia kuomba mita ya pili ya TANESCO.

Kuna jambo la tatu ambalo husahaulika hadi siku ya kufunga. Kile kisanduku cha nje hutoa joto lote lililotolewa ndani, na katika vichochoro vya Manzese ukuta unaoelekea nje mara nyingi unaelekea dirisha la mtu. Mtoto wako anapoa, wa jirani anapulizwa hewa ya moto usiku kucha, na maji ya bomba la AC yanachuruzika mlangoni kwake. Kisanduku kikipandishwa juu ya usawa wa madirisha na bomba la maji likaelekezwa kwenye mtaro, matatizo mawili yanaisha. Wanaokiwekea nondo kwa kuogopa wezi wa kopa waache nafasi ya hewa kupita. Kikibanwa, kinakula umeme zaidi na kufa mapema.

Chumba kwanza, mashine baadaye

Chumba cha futi 10 kwa 10 au 10 kwa 12 kinatoshwa na BTU 9,000. Sebule ya kawaida inataka 12,000. Tabia ya kununua kubwa ili ipoze haraka ni hasara ya aina mbili. Mashine kubwa mno hupoza hewa kwa dakika chache na kuzima kabla haijatoa unyevu, na joto la Dar es Salaam nusu yake ni unyevu. Matokeo yake ni chumba cha baridi kinachonata, na mtoto anayeamka na mafua.

Hesabu hizo ni za chumba chenye dari. Chumba kinachotazamana na bati moja kwa moja kitaishinda AC yoyote, ya Mjapani au ya Mchina. Siling bodi, matundu ya kutolea hewa chini ya kenchi na rangi nyeupe juu ya bati hushusha joto bila kugusa LUKU. Kuna nyumba ambazo baada ya kufanya hivyo na kuongeza feni nzuri ya juu, habari ya AC huishia hapo. Hata zikiendelea nayo, itakuwa ndogo na itapumzika zaidi.

Zile zinazouzwa kama AC za maji, za magurudumu, zenye tangi la kuweka barafu, mzazi wa Dar es Salaam azipite. Zinapoza kwa kugeuza maji kuwa mvuke. Dodoma, ambako hewa ni kavu, zinafaa. Pwani, hewa imeshajaa unyevu, na zinachofanya ni kuongeza.

Fundi na gesi

AC ni nusu mashine, nusu ufungaji. Mashine nzuri iliyofungwa vibaya haitamaliza mwaka, na Dar es Salaam mafundi ni wengi kuliko waliosomea. VETA inafundisha fani ya majokofu na viyoyozi, na si vibaya kumuuliza fundi alisomea wapi. Ila kipimo chepesi zaidi ni kutazama vifaa vyake. Akishaunga mabomba, fundi anayejua kazi huleta pampu ya kunyonya hewa na unyevu kutoka ndani ya mabomba, na kuiacha ifanye kazi kwa dakika kadhaa kabla ya kufungulia gesi. Asiye na pampu huachia gesi kidogo isukume hewa nje, anafunga, anachukua hela yake. Unyevu uliobaki unaila kompresa polepole.

Jambo jingine ambalo limewatoa wazazi hela nyingi: gesi ya AC haiishi kama ya mtungi wa jikoni. Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, na inaweza kukaa humo miaka yote ya mashine. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Fundi anayekuja kila Januari kujaza gesi bila kutafuta tundu anarudi Januari nyingine kwa sababu hiyo hiyo.

Aina ya gesi imeandikwa kwenye kibati kilicho ubavuni mwa mashine. R22 ni ya zamani, inaharibu tabaka la ozoni, na inaondolewa sokoni duniani chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987. AC nyingi za mtumba zinatumia hiyo. Mpya nyingi zinatumia R410A au R32. R32 hutumia umeme vizuri na ina madhara madogo kwa hali ya hewa kuliko hizo nyingine, lakini inaweza kushika moto, kwa hiyo fundi anayeunga bomba huku gesi inavuja asivumiliwe.

Kibati hicho hicho kinajibu swali la ulaji wa umeme. Gawanya BTU kwa wati. Yenye BTU 9,000 na wati 750 inatoa 12, ni nzuri. Yenye BTU hizo hizo na wati 1,000 inatoa 9, hiyo ina kiu.

Sasa jina

Baada ya hayo ndipo shemeji arudishwe mezani. Anayosema si uongo wote: Daikin, kampuni ya Osaka iliyoanza 1924, ina heshima yake kwa mafundi. Lakini Gree na Midea za China ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa duniani, na hutengeneza pia mashine zinazouzwa kwa majina mengine, kwa hiyo jina la usoni halisemi kila kitu.

Kinachotofautisha ni mji mnunuzi anaoishi. Je, jina hilo lina wakala anayejulikana Dar es Salaam? Ikiungua bodi ya umeme, ugonjwa mkubwa wa invata kwenye mitaa ambako umeme unapanda na kushuka, spea iko Kariakoo au inaagizwa? Garantii imeandikwa nini? Mara nyingi miaka mingi inayotangazwa kwa herufi kubwa ni ya kompresa peke yake, vingine vyote ni mwaka mmoja, na yote huanguka kama aliyefunga si fundi wa wakala. Risiti ya EFD ichukuliwe na kutunzwa. Na kifaa cha kulinda AC, kinachochelewesha umeme kwa dakika chache ukirudi baada ya kukatika, kinunuliwe siku hiyo hiyo. Ni sehemu ndogo sana ya bei ya bodi moja.

Wanaojenga Goba au Madale wameanza kuulizia AC ya nyumba nzima, ile ya mashine moja na njia za hewa juu ya dari kama ilivyo Marekani. Kwa familia inayolala vyumba viwili na kushinda nje mchana, ni kupoza korido na stoo kwa Sh356 ya uniti. Ikiharibika, nyumba nzima inalala na joto. AC za kila chumba, au kisanduku kimoja cha nje chenye vichwa viwili ndani, zinaacha mlango wa kupoza chumba cha watoto peke yake.

Na chumba hicho hakihitaji kuwa friji. Nyuzijoto 26 pamoja na feni ikizunguka taratibu zinamtosha mtoto, kichwa cha AC kisielekezwe kitandani, na chandarua kibaki. Chujio la ndani linatoka kwa mkono, bila fundi. Kwa vumbi la Manzese lioshwe kwa maji kila wiki mbili na kuanikwa kivulini. Mtoto wa darasa la sita anaiweza kazi hiyo Jumamosi asubuhi.