Kilimanjaro kwa pasteli: pesa yako iende wapi?

Una picha ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, uliyoipiga Amboseli jua likichomoza, theluji imeshika rangi ya waridi na nyika chini bado ina kiza. Unataka kuichora kwa pasteli. Dukani macho yatavutwa na boksi kubwa la rangi, lakini ningekushauri uanzie kwenye karatasi.

Canson Mi-Teintes ndiyo nafuu. Upande mmoja una vishimo kama sega la nyuki, ambavyo huharibu anga; igeuze utumie upande laini. Hata hivyo, baada ya tabaka chache karatasi hushiba na poda mpya inateleza tu. Pastelmat ya Clairefontaine inaweza kukugharimu mara tatu ya hapo au zaidi, ila inashika tabaka juu ya tabaka: unaweka zambarau ya mlima, unapitisha ukungu wa buluu, kisha waridi ya theluji, na hakuna rangi inayochafua nyingine. Kwa mlima ulio mbali namna hii, hiyo ni pesa halali kabisa. Kwa mazoezi, msasa laini wa duka la vifaa vya ujenzi unatosha, ingawa unakula rangi upesi na si wa kazi ya kudumu.

Kuhusu rangi, chukua seti za nusu vijiti; kwa pesa ileile unapata rangi nyingi zaidi. Seti ya Mungyo ya vipande 64 kwa kawaida ni rahisi kuliko ya Rembrandt yenye 30, na anayeanza hatajuta kuinunua. Mimi ningechukua Rembrandt, kwa sababu rangi yake imekolea, kisha niongeze vijiti vya mojamoja: kijivu chenye zambarau, kijani kilichofifia, rangi ya nyasi kavu. Hizo ndizo rangi za Amboseli, na seti nyingi za bei ya chini hazina. Zimejaa nyekundu na kijani kikali. Ukibakiwa na chochote, nunua kijiti kimoja cha Sennelier cha rangi ya maziwa. Ni laini mno, na mguso mmoja wa mwisho unatosha kuiwasha theluji.

Pasteli za mafuta hazina vumbi na ni nafuu, lakini ukungu ule mwepesi hazikupi.

Picha yenyewe usiigharamie sana. Ibadilishe iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu uone mwanga na kivuli vilivyogawanyika. Kivuli ambacho kamera imekifanya cheusi tii, wewe kitie buluu au zambarau.

Dawa ya kupulizia ya kushikisha poda iache: hufifisha rangi nyepesi, na theluji ndiyo itakayoumia kwanza. Pesa hiyo mpelekee fundi wa fremu. Mwambie atie kioo cha kawaida, si plastiki, maana plastiki huvuta poda kwa umeme tuli. Na aweke ukingo mnene wa kadibodi ili kioo kisiguse mchoro.