Homa ya Ini Aina ya B: Wanaoonekana na Wasioonekana

Mgonjwa afikapo hospitalini macho yakiwa ya manjano, aghalabu husemwa ana homa ya manjano. Jina hilo hupotosha. Homa ya manjano huenezwa na mbu, ilhali homa ya ini aina ya B huenezwa kwa damu na majimaji mengine ya mwili: kwa sindano iliyokwisha tumiwa, kwa ngono, au kutoka kwa mama hadi mtoto wakati wa kuzaliwa.

Dalili hujitokeza baina ya siku 30 na 180 baada ya kuambukizwa. Hivyo basi, anayehesabu wagonjwa wa leo huhesabu maambukizi ya miezi iliyopita. Tena huhesabu wachache, kwani wengi, hasa watoto wachanga, hawaonyeshi dalili zozote. Hapo ndipo penye hatari. Watu wazima wanaobaki na ugonjwa sugu hawafiki asilimia 5. Watoto wachanga ni takribani asilimia 90. Miaka mingi baadaye, ini lao huweza kupata saratani.

Kenya iliingiza chanjo hii katika ratiba ya watoto mwaka 2001. Mzazi aogopaye sindano akumbuke: mchelea mwana kulia hulia yeye.