Kovu la mapafu si laana



Katika ziara zetu tunakutana na ndugu waliougua COVID-19 kwa nguvu, wakapona, lakini hata leo wakipanda kilima kuja kanisani wanasimama mara tatu kutafuta pumzi. Mama mmoja wa kwaya alituonyesha picha ya radio ya kifua chake. "Mchungaji, wanasema bado kuna kivuli ndani." Majirani walikuwa wameanza kumtengea kikombe. Wengine walinong'ona kwamba ameficha dhambi. Tulimwomba daktari atufafanulie, nasi tunawapasha ninyi.

Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo sana vya hewa, mamilioni kwa mamilioni. Kuta zake ni nyembamba ili oksijeni ipenye na kuingia katika damu. Virusi vikishambulia sana, kuta hizo huvimba na vifuko hujaa maji. Kwenye skana, sehemu hiyo huonekana kama kioo chenye ukungu. Kwa wengi ukungu huo huondoka katika miezi inayofuata. Kwa wengine, hasa wazee na wale waliohitaji oksijeni hospitalini, mwili huziba jeraha kwa nyama ngumu, kama ngozi iliyoungua moto. Hapo skana huonyesha mistari. Hilo ni kovu. Halitanuki vizuri, ndiyo maana pumzi huwa fupi.

Jambo hili lilionekana hata kabla ya COVID-19. Huko Beijing, wafanyakazi wa hospitali waliougua SARS mwaka 2003 walifuatiliwa hadi 2018. Mapafu yao yalipata nafuu hasa katika mwaka wa kwanza, lakini kwa baadhi yao alama zilibaki.

Basi tushike mambo matatu. Kwanza, kovu haliambukizi. Kikombe kirudishwe mezani pamoja na vingine. Pili, kivuli peke yake hakithibitishi kifua kikuu, kwa maana makovu ya magonjwa mbalimbali yanaweza kufanana kwenye radio. Makohozi yapimwe. Lakini anayekohoa kupita wiki mbili, anayetoka jasho usiku au anayekonda, asijiambie kwamba ni kovu tu. Aende kupimwa, kwa sababu kifua kikuu kinatibika. Tatu, mwenye pumzi fupi si mvivu. Atembee kidogo kila siku na kuongeza polepole, aepuke tumbaku na moshi wa makaa, na watoto wamsaidie kuteka maji. Midomo ikigeuka rangi ya bluu, au akikohoa damu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Maombi na vipimo havipigani. Tusimwambie mgonjwa aache dawa ili aonyeshe imani.

Wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi. Yesu aliikataa hesabu hiyo. Naye mwenyewe, alipofufuka, hakuficha alama za misumari. Tomaso alionyeshwa mikono yenye makovu, na mwenye mikono hiyo alikuwa hai.

Yule mama amerudi kwaya. Anaimba akiwa amekaa kwenye kiti, na mashemasi ndio wanaombebea kiti hicho. Je, katika kusanyiko lenu, ni nani anayehitaji kiti?