Boksi Lililojengwa Bila Hesabu

Jim Marshall, Mwingereza ambaye jina lake limeandikwa kwa herufi nyeupe kwenye amplifaya za gitaa katika majukwaa ya dunia nzima, aliulizwa mara nyingi alivyobuni boksi lake maarufu la spika nne za inchi 12. Mfanyabiashara mwingine angejipamba. Yeye alikiri kwamba hakupiga hesabu yoyote, na kwamba kudai alipiga kungekuwa porojo tupu. Alichotaka ni boksi dogo kadiri iwezekanavyo ambalo spika nne zingeenea humo bila kubanana, na ambalo watu wangeweza kulibeba. Basi. Hakukuwa na fomula wala maabara. Jibu hilo halikai vizuri kichwani, kwa sababu boksi hilo ndilo limeigwa na karibu kila kiwanda cha vyombo vya gitaa tangu miaka ya 1960. Ukilipima jibu hilo kwa desturi ya wanunuzi wa leo, linazidi kusumbua. Mpiga gitaa akipata fedha huanza na amplifaya: ni ya wati ngapi, ya valvu au ya transista, ya jina gani. Boksi la spika linafuata mwishoni, kwa chenji iliyobaki. Hoja ya makala hii ni kwamba mpangilio huo umekaa miguu juu. Spika na boksi lake ni nusu ya ala yenyewe, na ndiyo nusu ambayo seremala wa kawaida anaweza kuitengeneza.

Lazima tumtazame Marshall kwa karibu kidogo. Alizaliwa London mwaka 1923, akawa mpiga ngoma na mwalimu wa ngoma, na kabla ya kuwa mwenye duka alishafanya kazi ya ufundi katika kiwanda cha ndege. Miaka ya vita, petroli ilipokuwa adimu, alikwenda kwenye maonyesho kwa baiskeli iliyokokota kitoroli chenye ngoma zake na maboksi ya spika aliyoyaunda mwenyewe. Kwa hiyo alipofungua duka la ngoma huko Hanwell, magharibi ya London, mwaka 1960, mikono yake ilikuwa inazijua mbao. Wapiga gitaa vijana, akiwamo Pete Townshend wa The Who, walimlilia kwamba amplifaya za Fender kutoka Marekani zilikuwa ghali na hata hivyo hazikuwapa ule mngurumo waliousikia vichwani mwao. Fundi wake wa matengenezo, Ken Bran, na kijana wa vifaa vya umeme aliyeitwa Dudley Craven, waliichukua Fender Bassman, amplifaya iliyokusudiwa gitaa la besi, wakaitumia kama kielelezo. Mwaka 1962 ikazaliwa JTM45. Hawakuficha waliponakilia.

Kisa cha boksi kinaanzia hapo. Mwanzoni JTM45 iliunganishwa na boksi la spika mbili. Spika za Celestion za wakati ule zilihimili wati 15 kila moja, na mbili zinafanya 30. Amplifaya ikisukumwa hadi ikwaruze ilitoa zaidi ya hapo. Spika zikawa zinaungua. Dawa haikuwa ya kisayansi: ongeza spika mbili, upate wati 60, kisha zifungie kwenye boksi lililozibwa nyuma. Miaka michache baadaye Townshend alitaka nguvu zaidi na akaagiza boksi moja la spika nane. Marshall alimwonya juu ya uzito, akaambiwa wapo watu wa kubeba. Wabebaji hao walipochoka, Townshend alirudi kuomba boksi lake likatwe vipande viwili, na badala ya kukatwa yakatengenezwa maboksi mawili ya spika nne, moja juu ya jingine, na amplifaya kileleni. Mnara huo unaoonekana nyuma ya kila bendi ya roki umetokana na koili zilizoungua na migongo iliyouma. Ni vigumu kutompenda mtu aliyekuwa tayari kuusimulia hivyo.

Sasa tuzitazame Bassman na JTM45 kwa pamoja. Mpangilio wa saketi zao unafanana kwa kiasi kikubwa, lakini sauti zao ni mbili. Atakayepinga atasema, na atakuwa na haki, kwamba Marshall hakubadilisha boksi peke yake: valvu za kutoa nguvu zilikuwa za aina nyingine na transfoma zilitoka kwingine. Ni kweli, na mchango wa kila badiliko haugawanyiki kwa urahisi. Hata hivyo, tofauti iliyo wazi kuliko zote iko upande wa spika. Bassman ilikuwa na spika nne za inchi 10 ndani ya boksi lililo wazi nyuma, na Marshall aliweka za inchi 12 akaziba. Spika inapotoka mbele husukuma hewa, na wakati huohuo nyuma yake huacha pengo. Boksi likiwa wazi, hewa ya mbele huzunguka kingo kwenda kuliziba pengo hilo, na sauti nzito hujiua zenyewe. Sauti nyembamba hazipati tabu hiyo, kwa kuwa mawimbi yake ni mafupi mno kuweza kuzunguka ubao. Waya mzito wa gitaa, ule wa E, hutoa takriban hezi 82, na wimbi lake angani lina urefu wa zaidi ya mita 4. Ubao wa nusu mita hauwezi kulitenga wimbi kama hilo. Ukiziba nyuma, mzunguko unakatika, na hewa iliyofungiwa inageuka kuwa springi inayoisukuma spika irudi. Matokeo ni kishindo kinachopiga kifuani, kinachoelekea mbele zaidi kuliko pembeni. Boksi linaifanyia spika kile ambacho mzinga unaifanyia ngozi ya ngoma, na labda si bahati kwamba aliyeziba nyuma alikuwa mpiga ngoma.

Kuna ushahidi mwingine usiohitaji hata msumeno, nao ni tarakimu ndogo kwenye karatasi ya maelezo ya spika. Celestion G12T-75, ambayo kwa miaka mingi ndiyo Marshall wameiweka kwenye boksi lao la 1960A, imeandikwa ufanisi wa desibeli 97. Vintage 30, ya kampuni hiyohiyo na ya inchi 12 vilevile, imeandikwa 100. Desibeli 3 zinaonekana si kitu, lakini ili kuongeza desibeli 3 kwa njia ya amplifaya ni lazima uzidishe nguvu mara mbili. Maana yake, amplifaya ya wati 50 kwenye spika ya pili inalingana kwa ukubwa wa sauti na ya wati 100 kwenye ile ya kwanza. Anayeuza amplifaya yake ndogo ili anunue kubwa, huku akibaki na spika zilezile, analipa pesa nyingi kwa kitu ambacho kubadilisha spika kungempa. Kelele peke yake pia si sauti: spika ya gitaa haina twita, na juu ya hezi 5,000 hivi huanza kunyamaza. Udhaifu huo ndio unaoilainisha mikwaruzo ya amplifaya ikizidiwa. Ipitishe sauti hiyohiyo kwenye spika safi ya redio ya nyumbani na utasikia mlio wa nyuki waliochokozwa. Spika inachuja, inapaka rangi, inaamua. Inafanya kazi ya ala.

Wapo watakaosema kwamba mfano wa roki hauwahusu wapiga rumba na dansi. Naona unawahusu kwa upande wa pili. Katika sebene magitaa mawili au matatu yanazungumza kwa kupokezana, solo juu, rithimu chini, na kila noti inatakiwa isikike ilipoanzia. Mngurumo ungeyafuta mazungumzo hayo. Mpigaji wa namna hii anahitaji amplifaya yenye akiba ya nguvu ili ibaki safi hata ukumbi ukichangamka, na boksi lililo wazi nyuma linamfaa kwa sababu sauti inasambaa jukwaani: mpiga besi anaisikia, mpiga tumba anaisikia, bila kutegemea vipaza sauti vya kurudishia. Gharama yake ni kwamba boksi wazi linategemea ukuta ulio nyuma yake, na ukilisogeza mita moja sauti inabadilika. Anayepiga uwanjani, pasipo na ukuta wowote, atajikuta nusu ya sauti yake imepotelea gizani. Kwa hiyo swali la kwanza dukani lingekuwa utapiga wapi na pamoja na nani. Wati zije baadaye.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kama Marshall hakupiga hesabu, je, yeyote mwenye plaiwudi na misumari anaweza kujenga boksi? Jibu ni hapana, ingawa karibu ndiyo. Hesabu za maboksi zilikuwapo. Mwaustralia Neville Thiele alichapisha za kwake mwaka 1961, na Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970, zikasambaa duniani. Lakini kazi kubwa ya hesabu hizo ni kwenye maboksi yenye tundu la kupumulia, ambako tundu likikosewa kidogo sauti nzito huvimba au spika huchanika. Electro-Voice walizitumia kwenye boksi dogo la spika moja ya inchi 12, wakatoa michoro yake kwa wajenzi, na boksi hilo linatoa uzito unaoshangaza kwa umbo lake. Lilipata wapenzi lakini halikuling'oa la Marshall, jambo linaloonyesha kwamba kwenye gitaa usahihi ni chaguo moja tu miongoni mwa mengine. Boksi lililozibwa kabisa au lililo wazi linasamehe makosa. Lisilosamehe ni boksi linalotetemeka na linalovuja hewa, na hapo ndipo ufundi wa Marshall ulipojificha ndani ya maneno yake ya unyenyekevu. Mtu aliyezoea kazi ya ndege hakuhitaji kuambiwa kwamba kiungo kinatakiwa kukaza.

Kwa anayejenga, basi, mambo si mengi. Plaiwudi ya milimita 18 yenye tabaka nyingi na isiyo na mapengo ndani ni bora kuliko chipubodi, ambayo hunyonya maji, huvunjika pembeni na haishiki skrubu ikishafunguliwa mara mbili. Wapo wanaodai kila mti una sauti yake. Kwenye boksi la gitaa unene, ugumu na kipande cha kati kinachounganisha ubao wa mbele na wa nyuma vina uzito mkubwa zaidi kuliko jina la mti. Tundu la spika ya inchi 12 hukatwa kwa kipenyo cha karibu milimita 283, na spika ishikwe kwa bolti zinazopenya ubao, si kwa skrubu. Tumia gundi kwenye kila kiungo. Kabla ya kuunganisha waya soma omu. Spika nne za omu 16, zikifungwa mbili-mbili kwa mfululizo kisha jozi hizo sambamba, zinarudi kuwa omu 16. Zote nne sambamba zinakuwa 4. Amplifaya ya transista ikipewa omu chache kuliko ilizoandikiwa huchemka, na ya valvu ikiwashwa bila spika yoyote inaweza kuunguza transfoma yake ya kutolea sauti. Hasara hiyo inazidi bei ya boksi zima.

Limebaki pingamizi la kisasa: siku hizi kuna vijisanduku vya kidijitali vinavyoiga boksi lolote na kupeleka sauti moja kwa moja kwenye mikisa, hivyo kwa nini ubebe kilo zaidi ya 30 za mbao? Kwa anayerekodi chumbani hilo halina ubishi. Lakini orodha iliyomo ndani ya vijisanduku hivyo ni orodha ya maboksi, na wanaovitumia wanasema kubadilisha boksi la kuigwa hugeuza sauti kuliko kubadilisha amplifaya ya kuigwa. Teknolojia iliyodaiwa kuliua boksi imethibitisha uzito wake. La ajabu ni kwamba mashine inayoweza kubuni boksi ambalo hakuna seremala angeliweza, boksi refu kama basi au lenye ukuta wa kioo, bado inauzwa kwa kunakili yaleyale ya miaka ya 1960. Je, masikio yetu yanaipenda sauti ile kwa uzuri wake, au kwa sababu santuri zote tulizolelewa nazo zilipitia humo?

Mwenye bajeti ndogo hana haja ya kulisubiri jibu la swali hilo. Amplifaya ndogo iliyotumika, spika moja yenye ufanisi mkubwa na karatasi moja ya plaiwudi vinaweza kumfikisha mbali kuliko amplifaya kubwa yenye boksi la bahati nasibu. Ubao wa nyuma aukate vipande vitatu, kila kimoja kifungwe kwa bolti zake. Akivifunga vyote atapata kishindo. Akiondoa cha katikati atapata sauti inayopumua nusu. Akivitoa vyote atapata mtawanyiko wa jukwaa la dansi. Majaribio yote matatu yatamgharimu bisibisi na nusu saa kabla ya onyesho.